Mkono Uliosogeza Mashine

Tarehe 3 Februari

Shangazi, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuachia upumue. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu sana, anasema kile kitambaa ulichotuma amekishona gauni na majirani wameshaanza kuuliza limetoka wapi. Mjukuu wako ameng'oka meno ya mbele lakini hakuna chakula anachokiogopa. Baba yuko salama kwenye chumba chake nyuma ya karakana. Siku hizi hatoki, kutwa yuko kibarazani. Gazeti ameacha kusoma. Anasema limejaa uongo, na uongo wa bure anaupata kwangu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yangu unaijua: ukinong'ona chumbani, jikoni wanaitikia. Na jambo lenyewe linamhusu mtu wa humu humu.

Ni ile mashine ya kuchongea. Zile mota ulizotoa kwenye mashine mbovu za kudarizi za kiwandani kwenu tulizifunga, mimi na shemeji yangu Kimya. Mbili zinavuta daraja lililopita juu ya meza, kwenda mbele na kurudi. Moja inapeleka kichwa cha kisu kushoto na kulia, na nyingine inakishusha. Kompyuta inaamuru, kisu kinazunguka, ua linatokea kwenye mbao utadhani limechorwa kwa kalamu. Bi Hoteli alipoliona akatupa kazi ya milango ya vyumba vyake vyote.

Sasa sikia. Asubuhi tunachonga kwa kisu kinene. Mchana tunasimama kula. Alasiri tunafunga kisu chembamba kipite palepale kulainisha. Basi hakipiti palepale! Kimehama. Leo upana wa ukucha, jana unene wa karatasi, juzi kidole kizima. Ua linakuwa na kivuli chake pembeni. Milango minne imeshakuwa kuni.

Mchana mimi nakwenda kula nyumbani. Anayebaki karakanani ni mmoja tu. Kimya anakuja na chakula chake, na nikirudi namkuta anafuta meza. Nikamuuliza, "Kuna mtu ameingia?" Akajibu, "Hakuna mgeni." Akaendelea kufuta. Jibu gani hilo, Shangazi? Mtu anayetaka kueleweka hajibu hivyo. Nasikia fundi wa mtaa wa pili anamtamani aende kwake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Au niambie ukweli wewe: mota hizi kiwandani kwenu zilitupwa kwa nini?

Ni mimi, mwanao wa karakana.


Tarehe 19 Februari

Marahaba, mwanangu.

Kikohozi kimepungua, ila kiwandani tumeletewa msimamizi mpya anayetusindikiza kwa macho hadi chooni. Mwambie mkwe wangu aniletee picha ya gauni. Mwambie mjukuu wangu asing'ate watu kwa ufizi.

Mota zangu usizitukane. Zilitupwa kwa sababu mashine zilizozibeba zilivunjika mgongo. Zenyewe hazina kosa.

Sikiliza jinsi zinavyoshika. Katikati ya mota kuna mhimili wenye sumaku, na pembeni nyaya zilizozungushwa. Kompyuta ikitaka mota isogee, inapeleka umeme kwenye nyaya hizi, halafu zile, na sumaku inafuata hatua kwa hatua. Ikitaka isimame, umeme unabaki kwenye nyaya za hatua ile ya mwisho na sumaku inakaa imebanwa. Kwa hiyo kusimama kwake nako ni kazi, ndiyo maana mota iliyosimama inapata joto. Ikatie umeme: itaachia, na daraja utalisukuma kwa mkono mmoja.

La pili ndilo linalowaumiza wengi. Mota za aina hii hazirudishi habari. Kompyuta inahesabu hatua ilizoagiza na inaamini zimetimizwa. Mtu akilisogeza daraja, kompyuta haijui. Itaendelea kutoka mahali inapodhani ipo.

Sasa tazama kwenye mipangilio ya kompyuta yako. Mara nyingi huwekwa iachie mota zikikaa muda bila kazi, zisipate joto. Kama ndivyo, mchana kutwa daraja lako liko huru, na hata mtikisiko wa lori barabarani unaweza kulihamisha. Iambie izishike muda wote. Usimkamate mtu kabla hujaikamata mashine.

Na kaka yangu umemwandikia mistari michache kama mpangaji. Anakula? Ile ngazi ya kutoka chumbani kwake kuingia karakanani ina mbao ya kushikia? Iweke. Usiniulize kwa nini, mashangazi tuna woga wetu.

Ni mimi, shangazi yako.


Tarehe 8 Machi

Shangazi, shikamoo.

Tuko wazima. Mtoto hajambo. Baba hajambo, na ngazi nimeiwekea mbao. Aliipapasa akauliza, "Nani amekuambia mimi nimezeeka?" Nikasema ni ya wateja. Akasema wateja gani wanaopitia chumbani kwake.

Ulisema kweli kuhusu kompyuta. Ilikuwa inaziachia mota kila tukipumzika. Nikaigeuza, sasa zinashika muda wote, na nimefunga kitaa chekundu kinachowaka mota zikiwa zimeshika. Nilijaribu kulisukuma daraja kwa mkono mmoja, likanikatalia kabisa. Siku kadhaa kazi ilitoka safi. Nilimwambia Kimya, "Umeona? Kumbe ni mipangilio." Akatabasamu kidogo. Nikaanza kujilaumu.

Halafu ikarudi. Kisu chembamba kimehama tena, lakini safari hii ajabu: nimepima mlango baada ya mlango, na kosa linakuja kwa vipande vinavyolingana. Ama kipande kimoja, ama viwili, ama vitatu. Hakuna nusu. Tena kitaa kilikuwa kinawaka nilipoondoka na kinawaka niliporudi.

Nilimkuta Kimya amesimama karibu na daraja, ndoo ya maji mkononi, uso umemshuka. Nikamwambia, "Leo nimekukuta." Nikamwambia, "Jitetee basi!" Akatazama mlango wa nyuma, akanitazama mimi, akaweka ndoo chini. Akakusanya patasi zake na msumeno wake, akaondoka. Mtu asiye na hatia anaondoka hivyo?

Niambie hivyo vipande vinamaanisha nini, nijue alitumia ujanja gani.

Mwanao.


Tarehe 27 Machi

Mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyo ndefu. Haina salamu za mkwe wangu. Zilisahaulika, au hakuwapo wa kuzituma?

Vipande vinamaanisha hivi. Ndani ya mota sumaku ina vikao vyake, vimepangwa kwa nafasi sawa. Ikiwa imeshikwa kwa umeme na ukaisukuma kidogo, itajipinda na kurudi kikaoni. Ukiisukuma kwa nguvu kuliko inavyoweza kustahimili, itaruka na kukaa kikao kingine, na hapo itashika tena kwa nguvu ileile kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo kosa haliwezi kuwa nusu. Kwanza daraja lako lilikuwa linahama likiwa limeachiwa, ndiyo maana kosa lilikuwa la ukubwa wowote. Sasa linalazimishwa likiwa limeshikwa.

Ni mkono wa mtu, nakubali. Lakini fikiri. Kimya alifunga nyaya zile pamoja nawe. Swichi ya kuzima mota anaijua. Mwenye kuijua swichi hashindani na sumaku kwa bega. Aliyesukuma hakujua kwamba mota zimeshika, ingawa kitaa kilikuwa kinawaka mbele yake.

Nakuomba neno moja. Acha kutafuta mtu. Nimekutumia swichi ndogo mbili kwa dereva wa mizigo. Zifunge pembeni, moja kwa kila upande. Kila baada ya chakula iamuru mashine irudi ikaziguse, hapo kompyuta itajua kwa hakika mashine ilipo, na kisu kitapita palepale hata kama daraja limehamishwa mchana kutwa. Kazi itanyooka. Kisha nenda kwa shemeji yako.

Mengine yaache kama yalivyo.

Shangazi yako.


Tarehe 6 Aprili

Shangazi,

Salamu zangu utanisamehe, ni fupi.

Swichi nimezipokea, sijazifunga. Nikizifunga kosa litafichika, na aliyelifanya atafichika nalo. "Mengine yaache kama yalivyo." Wewe, uliyenifundisha kufungua kila kifuniko nione ndani, ndiye unaniambia niache?

Unajua kitu. Nani alikuandikia? Kimya? Naona mnaelewana vizuri. Unamtetea kama umemzaa.

Na kwa kuwa umeuliza: mke wangu yuko kwao. Alisema, "Ukimfukuza kaka yangu umenifukuza mimi," akachukua sanduku na mtoto. Sikumzuia.

La kukutia baridi ni hili. Kimya hayupo, na daraja bado linahama. Ama ana ufunguo mwingine, ama kampa mtu. Bi Hoteli alikuja, akapitisha kidole kwenye mlango mmoja, akasema, "Fundi, mimi niliagiza maua, sikuagiza maua na mizimu yake." Akikosa mlango mwingine mzuri mwisho wa mwezi anahamisha kazi, na hapo karakana ya Baba itafungwa mikononi mwangu.

Nitamkamata mwenyewe.


Tarehe 30 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Hukujibu. Nilingoja, nikawa napita kwa dereva wa mizigo kama mtu anayedai mirathi. Sasa naelewa kwa nini kalamu ilikuwa nzito.

Nakuhadithia kama ilivyokuwa. Mchana nilifunga mlango wa mbele kwa kishindo, nikapiga mluzi hadi barabarani, nikarudi kwa dirisha la ubavuni na kujibanza nyuma ya mbao zilizosimamishwa ukutani. Nilikuwa na nyundo mkononi. Sijui nilitaka kuifanyia nini.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Nikaona mkono kwanza, umeishika ile mbao ya ngazi. Kisha Baba.

Nilitaka kumwita, nimwambie asiingie, kuna mwizi anakuja. Lakini mwendo wake ulinifunga mdomo. Alikuwa anafuata ukuta kwa vidole. Alipofika kwenye kona ya meza akaigusa kwa paja, akageuka, akanyoosha mikono hewani mpaka ikalikuta daraja. Kitaa chekundu kilikuwa kinamwakia usoni, hakupepesa. Akasukuma. Daraja likakataa. "Leo pia umekaza," akaliambia, kama unavyosema na punda. Akaweka bega. Nikasikia mota zikigonga, kak, kak, daraja likaenda.

Akainamia mlango. Akapitisha viganja vyote viwili kwenye maua, polepole, petali moja baada ya nyingine, uso ameuelekeza ukutani. Akasimama mahali, akarudia kwa ukucha. "Hapa kisu kimechana," akasema. Ni kweli. Nilikuwa nimepaona asubuhi nikajifanya sikupaona.

Nilihamisha mguu, ubao ukalia.

Uso wake ukafurahi, Shangazi. "Kimya? Ni wewe? Mbona umepotea? Siku nyingi hujaja kunisogezea huu mdudu."

Nyundo niliiweka chini taratibu kama yai.

"Nani hapo?" Sauti ilibadilika.

"Ni mimi, Baba."

Mikono hakuiondoa kwenye mbao.

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Tangu ulipoingia."

"Kwa hiyo umeona."

"Nimeona."

"Heri yako," akasema.

Tukakaa kwenye benchi. Ndipo akanieleza. Kimya alimfumania mapema mwaka huu akipapasa mbao, akaelewa bila kuambiwa. Tangu siku hiyo kila mchana alimfungulia mlango, akamsogezea daraja ashike kazi kwa raha, kisha akalirudisha kwenye alama ya penseli kwa kukisia. Ndiyo ule upana wa ukucha na unene wa karatasi niliokuwa napima. Nilipozifanya mota zishike muda wote Kimya alimwambia, "Mzee, subiri nitafute njia." Mzee hakusubiri. Kila Kimya alipokwenda kuchota maji yeye alisukuma, na siku ile Kimya aliporudi kazi ilikuwa imeshaharibika, na mimi niko mlangoni.

"Nilimwapisha asikuambie," Baba akasema. "Nilijua ukijua utaniletea kiti, unikalishe juani kama nguo mbichi."

Nikamuuliza, nani mwingine anajua?

Akasema jina lako.

Nangoja maneno yako.


Tarehe 14 Mei

Mwanangu,

Marahaba, hata kama safari hii shikamoo yako ilitoka katikati ya meno.

Ndiyo, najua. Mwaka jana alipokuja kunitembelea alimwaga chai pembeni ya kikombe, akasema kikombe kibovu. Siku ya pili akasalimia koti langu lililotundikwa. Nikampeleka kwa daktari wa macho kwa kumdanganya kwamba ni mimi ninayeumwa. Ni presha ya macho. Daktari alituambia sote wawili: kilichokwisha kuondoka hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Kaka yangu akanishika mkono barabarani akaniambia, "Mwanangu akijua mimi si fundi tena, nitakuwa nani pale?" Nikamwahidi. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa na homa wakati mama yetu hayupo. Ningemkatalia vipi?

Uliponiandikia kwamba kitaa kilikuwa kinawaka na bado mtu akasukuma, nilijua ni nani. Ndiyo maana nilikutumia swichi. Nilifikiri mashine ikijua mahali ilipo, mzee atabaki na siri yake, wewe na kazi yako, Kimya na jina lake. Nilitaka kuwaponya wote bila kumfunua mmoja. Haikuwezekana. Kutunza siri ya kaka yangu sikujutii. Najutia kwamba niliandika "nenda kwa shemeji yako" kwenye mstari mmoja mdogo, wakati nilitakiwa kupanda gari nije nikushike sikio.

Uliposema ninaelewana na Kimya, ulinichekesha na kuniliza. Sijawahi kusikia sauti yake. Nadhani wewe pia huijui sana.

Fanya haya. Tafuta chupa ya matone, atakuwa ameificha kwenye kopo la misumari. Angalia kama imepungua. Kama haijapungua, umgombeze kwa niaba yangu. Na usimletee kiti.

Shangazi yako.


Tarehe 22 Juni

Shangazi mpendwa, shikamoo, na safari hii kwa moyo wote.

Chupa ilikuwa kwenye kopo la gundi. Haikuwa imepungua hata tone. Sasa kila asubuhi mjukuu wako anamdondoshea yeye mwenyewe, na Baba anakaa kimya kama anayenyolewa.

Umesoma vizuri, mjukuu wako amerudi. Ngoja nieleze.

Nilipanga kwenda ukweni peke yangu kuomba radhi. Baba akasema, "Utaomba radhi kwa kosa la nani? Nipe kiatu." Akanishika mkono juu ya kiwiko, tukatoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, barabara yote inatutazama. Fundi wa kuchomelea vyuma akaita, "Mzee, leo unatembea na mlinzi?" Baba akamjibu, "Si mlinzi, ni macho." Yule bwana akazima moto wake akasimama. Baba hakupunguza mwendo.

Ukweni tuliwakuta wote uani. Mama mkwe anachambua mboga, mke wangu anafua, Kimya anapiga randa mguu wa kitanda. Hakuna aliyetukaribisha. Mke wangu alikuwa amefungua mdomo aniambie neno langu, akaona jinsi Baba alivyoshika mkono wangu. Akaacha nguo majini, akainuka.

"Kimya yupo?" Baba akauliza, na Kimya yuko mbele yake.

"Nipo, Mzee."

"Basi nisikilizeni nyote. Mkono uliokuwa unasogeza mashine ni huu. Sioni. La kushoto limekwisha, la kulia linanipa mwanga wa dirisha tu. Kijana huyu alijua, nikamfunga mdomo, akatukanwa kwa ajili yangu. Mwenye neno anipe mimi."

Mama mkwe aliacha mboga zikadondoka. Mimi nikamgeukia Kimya. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri njiani, yote yakapotea. Nikasema, "Kwa nini hukuniambia hata kidogo?"

"Hukuuliza," akasema. "Ulikuja na jibu."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia kwa mpigo mmoja. Nikaomba radhi, mbele ya mama yake, mbele ya dada yake. Hakusema amesamehe. Alisema, "Milango ya Bi Hoteli tutaimaliza. Baada ya hapo tutaona." Kesho yake akaja na patasi zake, akafunga zile swichi zako mbili kabla sijafika. Mashine sasa ikianza kazi inakwenda kwanza pembeni, inagusa huku, inagusa kule, ndipo inarudi kwenye ua. Kisu kinapita palepale. Mchana Kimya anazima mota, Baba anasukuma atakavyo.

Na hakuna mlango unaotoka bila mikono yake. Wiki iliyopita alikataa miwili ambayo mimi niliiona mizuri. Nilibishana naye, akanishika kidole akakiweka penye kasoro, nikaurudisha mlango mezani. Bi Hoteli, aliyekubali kutuongezea muda, alipokuja kuchukua ya mwisho alimkuta amepiga magoti anapapasa kizingiti, akaniuliza pembeni huyu ni nani. Nikamwambia ndiye fundi mkuu. Baba alisikia. Alijifanya kukohoa.

Mke wangu alirudi Jumapili. Aliniambia mlangoni, "Nimemfuata Mzee, si wewe," akapita na sanduku. Ananipikia, ananijibu nikimsemesha, mengine hakuna. Sanduku limekaa chini ya dirisha. Jana nilimkuta analifungua, nikasimama pale mlangoni sithubutu kupumua. Alitoa nguo za mtoto, moja moja, akazipanga kabatini. Za kwake bado zimo.

Amesema nikusalimie.

Ni mimi, mpwa wako.